Sponji ya Juu

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa moja na dakika ishirini na tano asubuhi, rasharasha ikiletwa na upepo wa ziwani na mawingu mazito yakiwa yamevifunika vilima vya mawe, Yeremia Shimba alisimama mlangoni mwa Kitengo cha Matamshi akamwona Dorotea akifanya kosa. Alilitambua kosa lile papo hapo. Alifungua kinywa ili aseme, kisha akakifunga.

Dorotea, mhudumu wa kitengo kwa miaka kumi na minane, alikuwa ameilaza mashine mpya juu ya taulo jeupe. Mkononi alikuwa na pamba iliyolowa spiriti, naye aliikandamiza juu ya sponji ndogo nyeusi ya upande wa pua, akaikandamiza tena, hata matone yakaanza kuchuruzika mezani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Likizo ilikwendaje?"

"Salama kabisa. Nimerudi jana nikakuta mmepata mtambo. Nikauangalia, nikasema, nao si unakaa chini ya pua? Basi kanuni ni kanuni." Alinyoosha kidevu kuelekea ukutani.

Pale ukutani, ndani ya fremu ya mbao, palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono ulionyooka kama mistari ya gwaride: KILA KINACHOKAA CHINI YA PUA KIOSHWE KWA SPIRITI KABLA YA MGONJWA WA KWANZA. Y. SHIMBA, 2004.

"Kanuni ni kanuni," Yeremia alijibu. Akaingia chumbani mwake, akaufunga mlango.

Ili msomaji aelewe uzito wa mlango ule kufungwa, hana budi kuijua kazi iliyofanyika mahali pale. Mtu anapotamka, nyama laini iliyo nyuma ya kaakaa huinuka ikaziba njia ya puani, sauti ikatokea mdomoni. Kwa aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, hata baada ya kushonwa, mlango huo wa nyama pengine haufungi sawasawa, na maneno yake huvuja puani kama upepo unaopenya dirisha bovu. Kazi ya kitengo ilikuwa kupima uvujaji huo: ni nani atakayepona kwa mazoezi, na ni nani asiye na budi kurudi chini ya kisu.

Kwa miaka ishirini na moja Yeremia alipima kwa sikio na kwa kioo. Kioo chenyewe kilikuwa kidogo kama sarafu, chenye mpini wa chuma, naye alikihifadhi ndani ya bakuli la maji baridi, kwa kuwa joto la Mwanza halikubali mvuke kuonekana juu ya kioo kisichopozwa. Alikiweka chini ya pua ya mgonjwa, akamwambia aseme: "Baba akata kuku, kaka apika pilau, paka akaa karibu." Sentensi hiyo aliitunga mwenyewe, kwa majuma matatu, kwa maana ilimpasa kupata maneno ambayo hayana sauti hata moja ipitayo puani kwa haki yake, na mwenye kuijua lugha yetu, ilivyojaa m na n, atajua kwamba si kazi ya lelemama. Kioo kikipata ukungu kwa maneno hayo, mlango unavuja. Kisipopata, umefunga.

Kisha akaja Obedi Kashindye.

Obedi alikuwa mwanafunzi wake. Walisoma shule moja ya bweni, ingawa kwa kupishana miaka kumi na minne. Yeremia akiwa amewahi kuwa Kaka Mkuu, na jina lake likiwa limechorwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa bwalo, Obedi alikula ubwabwa wa shule akilitazama jina lile kila mchana. Baadaye akaja kitengoni, akafundishwa kusikiliza. Akaenda ng'ambo miaka mitatu. Mwezi wa pili mwaka huu alirudi na mashine: kibao chembamba cha chuma kinachokaa kati ya pua na mdomo, kinasa sauti kimoja juu yake na kingine chini yake, kila kimoja kikiwa kimevikwa sponji, na waya unaokwenda kwenye kompyuta. Mgonjwa husoma, kinasa cha juu husikia pua, cha chini husikia mdomo, kompyuta hugawanya na kutoa asilimia ya sauti iliyopita puani. Obedi alikuwa mwangalifu. Alipima kwanza wakazi hamsini wasio na tatizo, wa Igogo, Igoma na Buzuruga, ndipo akaweka mpaka: kwa matini ile, chini ya thelathini ni salama.

Na matini ile ilikuwa ipi? Baba akata kuku, kaka apika pilau, paka akaa karibu. Chini ya fomu ya majibu, kwa herufi ndogo, paliandikwa: *Matini: O. Kashindye.*

Yeremia alipoyaona maneno hayo, yalimwuma kama siafu aliyeingia ndani ya soksi katikati ya gwaride. Mtu wa malezi yake halilii sifa. Lakini tangu siku ile kila kitu cha Obedi kilimchoma: viatu vyake, kicheko chake, namna wagonjwa walivyofika dirishani wakauliza, "Yule daktari wa kompyuta yupo?" Mzee mmoja kutoka Magu, alipoambiwa aanzie kwa Mwalimu Shimba, alisema kwa sauti kubwa, "Yule wa kioo? Kioo ninacho nyumbani, najinyolea." Watu walicheka korido nzima. Obedi naye alicheka, kisha akajizuia. Na kule kujizuia ndiko kulikomkera Yeremia zaidi ya kicheko.

Siku mashine ilipofunguliwa, Obedi alikuwa amewaonya wote: sponji isiloweshwe. Kila asubuhi saa moja kamili angevisawazisha vinasa viwili visikie sawa. Sponji moja ikilowa baada ya hapo, kinasa chake kitakuwa kama mtu aliyezibwa sikio, na namba itakuwa uongo. Dorotea hakuwapo, alikuwa likizoni kwao Sengerema.

"Mwalimu," Obedi alimwambia, "kesho kutwa nasafiri kidogo. Dada Dorotea akirudi, tafadhali mwambie habari ya sponji. Yeye hunisikia mimi kama mtoto, lakini wewe akikusikia amesikia."

"Nitamwambia," Yeremia alisema.

Nitamwambia. Katika shule iliyomlea, neno la mtu halikuandikwa wala halikushuhudiwa, lilitosha. Ndiyo maana Obedi hakuuliza tena.

Jumanne ile mgonjwa wa kwanza alikuwa Sabina, binti wa Igogo wa miaka ishirini na mitatu, mkatisha tiketi katika stendi ya Buzuruga. Alikuja mapema kuliko wote ili awahi zamu. Kaakaa lake lilishonwa utotoni, lakini maneno yake yaliendelea kupita puani, na abiria hawakumwonea haya.

"Wananiambia, dada, fungua mdomo, pua ni ya kupigia chafya," alimweleza Yeremia huku akicheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kulizoea jambo bila kulisamehe. "Msimamizi amesema kipaza sauti cha stendi kiko wazi. Kutangaza mabasi. Ameniambia, Sabina, sauti yako ikinyooka, kiti ni chako. Kufikia Mei. Baada ya hapo anampa mtu mwingine."

"Sema sentensi."

"Baba akata kuku…"

Kioo kilifunikwa na ukungu mara moja, ukingo hadi ukingo. Yeremia alikifuta, akarudia. Ukungu. Akarudia mara ya tatu, na sikio lake lilishuhudia kile jicho lilichoona. Hapakuwa na shaka: mazoezi hayangemfaa kitu, alihitaji upasuaji. Na wapasuaji walikuwa wanakuja. Dk. Wilhelmina na kikosi chake hufika mara moja kwa mwaka, wakiwa na nafasi sita tu. Ijumaa wangeketi kuchagua.

Aliandika: *Mvuke kioo kizima, mara tatu.* Kisha akampeleka chumba cha pili, kwa Obedi aliyekwisha kurudi safarini, akasimama nyuma.

Sabina alikishika kibao, akasoma. Namba ikatokea: ishirini na saba.

Obedi alikunja uso. "Rudia, dada." Ishirini na nane. Akamgeukia Yeremia. "Masikio yangu yanasikia pua, Mwalimu. Namba inasema salama. Umeona kitu chochote kisicho cha kawaida?"

Sponji ya juu ilikuwa bado inang'aa kwa unyevu. Yeremia aliitazama kwa muda wa pumzi moja.

"Mashine ni yako," alisema.

Spiriti haikai. Kufikia saa tatu, feni ikizunguka, sponji ilikuwa imekauka na namba zimerudi kuwa za kweli; ndiyo maana Obedi, alipoijaribu mashine kwa sauti yake mchana, hakuona kasoro. Uongo ulikuwa ni wa mgonjwa wa kwanza peke yake, kila siku. Yeremia aliyajua yote hayo, naye alijipangia hoja kama wakili. Mashine itajiaibisha yenyewe. Ijumaa nitakiweka kioo mezani, niseme, huyu binti anavuja, na namba yenu imelala. Wapasuaji watamsikia kwa masikio yao. Sabina atapata nafasi yake, na Obedi atajifunza kwamba chombo hakizai sikio. Nani atakuwa ameumia?

Jumatano Dorotea aliilowesha sponji tena. Alhamisi vilevile. Kila mara Yeremia alipita, akaitikia shikamoo, akaenda zake. Usiku hakulala vizuri, lakini aliulaumu mgongo.

Ijumaa waliketi katika chumba kidogo cha mikutano. Dk. Wilhelmina, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alikaa mwisho wa meza na majalada kumi na matano mbele yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa sababu siku zake hazikuwa nyingi. Wagonjwa walikuwa wakisubiri korido.

"Kabla hatujaanza," Obedi alisema, akasimama. "Nina deni. Kwenye fomu hizi niliandika kwamba matini ni yangu. Si yangu. Aliitunga Mwalimu Shimba kabla mimi sijaijua kazi hii. Niliijaza fomu ile ugenini, usiku wa mwisho wa kuiwasilisha, nikaona aibu kuandika kwamba sijui ilichapishwa wapi. Nikaweka jina langu. Mwalimu aliliona akaninyamazia. Nimechapa fomu mpya." Aliisukuma karatasi mezani. Chini yake paliandikwa: *Matini: Y. Shimba.* "Hakuna mtu katika mkoa huu ambaye neno lake naliamini kuliko lake."

Kama angemzaba kofi, Yeremia angejua la kufanya. Alilikodolea macho jina lake, ambalo kwa mwezi mzima alilitamani pale lilipo, na halikuwa na ladha yoyote.

"Vizuri," alisema Dk. Wilhelmina. "Tuendelee."

Walikwenda jalada kwa jalada. Watano walipita bila ubishi. Kisha likaja la Sabina.

"Ishirini na saba," daktari alisoma. "Salama. Mazoezi."

"Anavuja," alisema Yeremia. Aliinuka, akaweka kioo mezani kama mtu anayeweka kete ya ushindi. "Kioo kizima, mara tatu. Muiteni aseme mbele yenu."

"Mwalimu, nimemsikia akisalimia pale nje. Ana pua kidogo, ndiyo. Lakini mwaka jana katika mji mwingine tulifuata masikio, watu watatu wakapasuliwa bure, mmoja sasa anakoroma mpaka anakosa pumzi. Ndipo tukakubaliana: sikio na namba vikipingana, namba ndiyo inayoamua. Kioo chako kinaniambia anavuja. Hakiniambii kiasi gani."

"Kioo hakijapata kunidanganya."

"Na mashine ilikudanganya lini?"

Yeremia alikitazama kioo chake pale mezani.

"Basi. Nafasi ya sita tutawapa wenzetu wa mkoa jirani, wana mtoto anayesubiri. Nitawapigia simu sasa hivi." Akaivuta simu yake kutoka mkobani.

Hivyo ndivyo hoja ya wakili ilivyoanguka, na haikumwangukia Obedi. Mlango ulikuwa nusu wazi, na Yeremia alimwona Sabina kwenye benchi la korido, sare ya stendi ikiwa imepigwa pasi, midomo yake ikichezacheza bila sauti. Alikuwa akijizoeza. Baba akata kuku, kaka apika pilau.

"Usipige," Yeremia alisema.

Dk. Wilhelmina aliinua macho.

"Namba ile ni ya uongo, nami naujua uongo wake ulikotoka. Sponji ya juu ilikuwa imelowa spiriti. Dorotea huiosha baada ya mashine kusawazishwa, kwa sababu kanuni niliyoiandika mimi inamwagiza hivyo. Niliombwa nimwonye. Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Nilimwona Jumanne kwa macho yangu, nikamwona Jumatano, nikamwona jana. Kila mgonjwa wa kwanza wa juma hili ana namba mbovu."

Obedi alikuwa amekaa.

"Ulisahau," Obedi alisema hatimaye, kwa upole, kama anayemfungulia mtu mlango wa uani.

Ulikuwa mlango mpana, na Yeremia aliuona. "Sikusahau. Nilikuonea wivu."

Hakuna aliyemtazama. Dk. Wilhelmina alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mashine iletwe," alisema. "Na sponji kavu."

Obedi alitoa sponji mpya kwenye kisanduku, akaivika, akavisawazisha vinasa mbele ya wote. Hakumwangalia mwalimu wake. Sabina aliitwa, akasoma mara tatu. Hamsini na saba. Hamsini na nane. Hamsini na saba.

"Haya!" alisema Dk. Wilhelmina, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mashine ikitunzwa inasema kweli. Atapitishwa kamera ya puani Jumatatu nione pengo lenyewe, lakini nafasi ya sita ni yake." Wagonjwa wengine wawili wa kwanza wa asubuhi walipigiwa simu, na walipopimwa upya mchana ule, namba zilipanda lakini hazikuvuka mpaka.

Na hata hapo, ni haki kusema, kitu kilimchoma Yeremia moyoni: kwamba sifa ilikwenda kwa mashine, ilhali kioo kilikuwa kimesema neno lile lile tangu Jumanne. Aliusikia mchomo ule, akautambua kwa jina lake, akauacha ukae.

Alimkuta Sabina korido akimpigia simu mama yake.

"Binti, subiri. Hujui jambo moja." Akamweleza lote, akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama alivyosimama zamani mbele ya mkuu wa shule.

Sabina alimsikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo ungenyamaza, leo ningekuwa narudi stendi kukata tiketi na pua yangu."

"Ndiyo."

"Na kiti angepewa mwingine."

"Ndiyo."

"Mh." Alimpima kwa macho. "Mzee, abiria wananicheka kwa sababu hawajui. Wewe unajua." Akageuka, akaondoka na simu yake sikioni, bila kuaga.

Yeremia alirudi kitengoni. Aliitoa fremu ukutani, akamwita Dorotea, akamweleza habari ya sponji kwa maneno yale yale aliyoagizwa mwezi uliopita. Dorotea alishika kifua.

"Jamani! Mimi ndiye niliyeharibu?"

"Hapana. Wewe ulitii."

Obedi aliingia akiwa na fomu mpya. Alisimama nayo karibu na meza, kisha akaiweka.

"Nimeipeleka kwa mchapishaji atoe nakala elfu moja, lakini anasubiri sahihi yako kwamba jina litumike. Tia sahihi, Mwalimu."

"Baada ya leo?"

"Sentensi uliitunga kabla ya leo. Niliiiba, nimeirudisha. Uliyoyafanya juma hili ni yako, na bado nimeyakasirikia, sitakuficha. Lakini deni ni deni."

Yeremia alivuta droo, akatoa rula na kalamu nyekundu. Aliiweka rula chini ya jina lake, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni: *Matini ya Kitengo.*

"Deni ni deni," alisema, akimrudishia karatasi, "na mwenye kudai ana haki ya kukataa kulipwa. Mimi nimekataa."